Sudojeni na RNA zake: mwongozo wa kuichunguza jeni "mfu" ukiwa na simu na daftari

Ukipanda vilima vya Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ukamkuta sokwe anatafuna matunda, jua kwamba yeye na wewe mna ufa mmoja. Hamwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba Ujiji anaweza, panya wa darini anaweza, hata komba anayelia usiku kwenye mwembe anaweza. Sisi tunangoja pera na embe. Jeni ya kazi hiyo, GULO, tunayo bado kwenye kromosomu ya 8, ila imevunjika: vipande vyake kadhaa havipo, na vilivyobaki vimejaa makosa. Ilivunjika kwa babu wa pamoja wa binadamu, sokwe na nyani, yapata miaka milioni 60 iliyopita, na tangu hapo tumerithishana mabaki yake kizazi hadi kizazi.

Jeni ya namna hiyo huitwa sudojeni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1977, watafiti walipokuta kwenye vinasaba vya chura wa Afrika nakala ya jeni inayofanana sana na jeni nzima lakini haifanyi kazi yake. Binadamu tuna jeni za protini zinazokaribia 20,000, na sudojeni zilizoorodheshwa ni zaidi ya 14,000. Si kitu kidogo cha kuruka darasani.

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma, na kwa miaka mingi niliiruka. Nilisema sudojeni ni mabaki, tukaendelea na mada nyingine. Baadaye nikaona kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko la kwanza: mtu anasoma habari moja kuhusu sudojeni moja yenye kazi, kisha anatangaza kwamba zote zina kazi. Kati ya "imekufa" na "ina kazi" kuna maswali matatu. Je, inanakiliwa kuwa RNA? Nakala hiyo inamgusa nani? Na je, nakala zipo za kutosha kuleta tofauti? Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyauliza wewe mwenyewe, kwa hifadhidata za bure, kwa mfano mmoja tutakaokaa nao mpaka mwisho.

Unachohitaji

Simu yenye intaneti inatosha, ingawa kompyuta ni rahisi zaidi machoni. Mfuatano wa herufi ni maandishi matupu, hauli bando. Andaa pia daftari, kalamu za rangi mbili, konzi ya maharage na karatasi za kukata vipande vidogo. Maharage utayaona kazi yake hatua ya sita.

Hatua ya 1: Weka sawa njia ya jeni

Jeni imeandikwa kwa herufi nne za DNA: A, T, G na C. Seli inainakili kuwa RNA, ambamo T inakuwa U. Nakala hiyo, RNA mjumbe, inatoka kwenye kiini na kusomwa na ribosomu herufi tatu-tatu, na hapo protini inaundwa. Wengi tunaishia hapo, na ndiyo maana sudojeni zinatuonekania takataka: kama protini haiundwi, kazi iko wapi?

Kazi inaweza kuwa kwenye RNA yenyewe. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans, walionyesha kwamba jeni lin-4 haitoi protini bali kipande kifupi cha RNA, nacho kinaizuia jeni nyingine kutengeneza protini yake. Vipande hivyo leo tunaviita maikroRNA. Kila kimoja kina herufi zipatazo 22. Hubebwa na protini iitwayo Argonaute, hutafuta RNA mjumbe yenye neno linalopatana na herufi zake, na wakikutana, mjumbe huyo hasomwi vizuri au huvunjwavunjwa. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Shika jambo hili moja: maikroRNA haijui kama RNA iliyo mbele yake imetoka kwenye jeni nzima au kwenye sudojeni. Inachosoma ni herufi.

Hatua ya 2: Jua sudojeni yako ilikufaje

Zipo njia tatu za kufa. Ya kwanza ni ya GULO: jeni ilikuwa moja, ikaharibika, haikuwa na pacha wa kuibadili. Ya pili, jeni ilijirudia, nakala mbili zikakaa kwenye vinasaba, moja ikaendelea na kazi na nyingine ikaachwa ioze. Ya tatu ndiyo iliyozaa sudojeni nyingi zaidi kwetu: RNA mjumbe iliyokwisha kukatwa introni zake, yaani vipande vinavyotolewa kabla haijasomwa, inageuzwa kuwa DNA tena na kupachikwa mahali pengine kwenye kromosomu, popote pale. Utaitambua kwa sababu haina introni hata moja, na mara nyingi iko kwenye kromosomu tofauti na mama yake.

Aina hii ya tatu ndiyo tutakayoichunguza. Mama ni PTEN, kromosomu ya 10, jeni inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Ikipotea, mlango wa saratani unakuwa wazi. Mtoto ni PTENP1, kromosomu ya 9. PTEN ina eksoni tisa, yaani vipande vinavyobaki introni zikikatwa, zilizotawanyika kwenye herufi zipatazo 100,000. PTENP1 ni kipande kimoja kilichoungana, herufi karibu 4,000.

Hatua ya 3: Zilete herufi mezani

Fungua tovuti ya NCBI, hifadhidata ya vinasaba ya Marekani, chagua sehemu ya nyukliotidi, andika PTEN na jina la kisayansi la binadamu, Homo sapiens. Katika majibu, tafuta rekodi ambayo namba yake inaanza na NM_. Alama hiyo maana yake ni RNA mjumbe ya kutengeneza protini. Rudia kwa PTENP1, na safari hii tafuta NR_, yaani RNA isiyotengeneza protini. Tofauti hiyo ya herufi moja imeshakupa hukumu ya walioiorodhesha.

Zihifadhi zote mbili kwa muundo wa FASTA, yaani mstari mmoja wa jina kisha herufi tupu. Hapa nakuonya kwa uchungu, kwa sababu nilipoteza mchana mzima na wanafunzi wangu. Tulitafuta neno la herufi saba kwa kitufe cha kutafuta, likakataa kuonekana, tukaanza kudhani vitabu vimekosea. Kumbe tulikuwa kwenye muundo wa GenBank, ambao unaweka nafasi kila baada ya herufi kumi. Neno la herufi saba kwenye muundo huo litakatwa na nafasi mara sita kati ya kumi. FASTA ni bora, lakini nayo inavunja mstari kila baada ya herufi 70. Kwa hiyo bandika mfuatano kwenye programu ya kuandikia, futa nafasi zote na mapumziko yote ya mistari, ubaki na uzi mmoja mrefu. Ndipo utafute.

Hatua ya 4: Walinganishe mama na mtoto

Rudi NCBI, fungua BLAST ya nyukliotidi, weka tiki kwenye kisanduku cha kulinganisha mifuatano miwili, bandika PTEN juu na PTENP1 chini, bofya. Baada ya muda mfupi utaona mistari miwili ikitembea pamoja, na vijiti vidogo vya wima kati yao kila herufi zinapolingana. Kwenye sehemu inayolingana na protini, mfanano unapita asilimia 95.

Sasa tulia, tafuta mahali hapa pamoja. Protini ya PTEN inaanzia kwenye herufi hizi:

ATG ACA GCC ATC ATC AAA GAG ATC

ATG ndiyo amri ya kuanza. Shuka kwenye mstari wa PTENP1, tazama herufi tatu zilizo chini ya ile ATG. Haipo. Imeharibika. Nakala iliyobaki inafanana na mama yake kwa kurasa nzima, lakini ribosomu haioni mahali pa kuanzia, na protini haiundwi. Waache wanafunzi waione kwa macho yao kabla hujawaambia, na uwape dakika za kukaa nayo.

Endelea kushuka mpaka baada ya kodoni (herufi tatu) ya mwisho, kwenye ule mkia wa RNA usiotafsiriwa kuwa protini. Utaona mfanano mkubwa unaendelea kwa sehemu ndefu, kisha unadhoofika. Weka alama hapo unapodhoofika. Maikro-RNA zinapenda mkia huu, na hatua ya tano inaanzia humo.

Lakini kwanza swali la kwanza: je, inanakiliwa? Fungua GTEx, hifadhidata inayoonyesha kiasi cha RNA cha kila jeni kwenye tishu za binadamu, andika PTENP1, angalia nguzo za tishu mbalimbali. Ukiona sudojeni unayoichunguza iko sifuri karibu kila mahali, simama hapo. Huna RNA ya kuzungumzia. PTENP1 inanakiliwa. Kuwa mwangalifu na namba ndogo, kwa sababu mashine zinasoma RNA kwa vipande vifupi, na kipande kinachofanana kabisa na mama na mtoto kinaweza kuhesabiwa kwa asiyehusika.

Hatua ya 5: Tafuta neno la maikroRNA

Swali la pili sasa: nakala hii inamgusa nani? Chukua maikroRNA iitwayo miR-19b. Herufi zake, kama zilivyo kwenye hifadhidata ya miRBase, ni hizi:

UGUGCAAAUCCAUGCAAAACUGA

Zenye uzito zaidi ni zile za kuanzia nafasi ya pili hadi ya nane, sehemu tunayoweza kuiita mbegu. Hesabu kwa kidole: GUGCAAA. Ili kupata neno linalopatana nayo, ligeuze kinyumenyume, lipate AAACGUG, kisha kila A iwe U, kila U iwe A, kila G iwe C, kila C iwe G. Unapata UUUGCAC. Kwenye FASTA hakuna U, kwa hiyo tafuta TTTGCAC.

Litafute kwenye mkia wa PTEN. Lipo. Litafute kwenye mkia wa PTENP1, ile sehemu ya mfanano mkubwa. Lipo pia. Mwanafunzi wa kidato cha tano amefika, kwa daftari na kalamu, mahali walipofika watafiti waliochapisha kwenye jarida la Nature mwaka 2010, kundi la Laura Poliseno na Pier Paolo Pandolfi. Wao walikuta maneno ya miR-17, miR-19, miR-21, miR-26 na miR-214 yamehifadhiwa kwa mtoto kama yalivyo kwa mama. Wakaonyesha kwenye seli za maabara kwamba RNA ya PTENP1 ikiongezeka, inazinasa maikroRNA hizo, PTEN inapata nafuu na protini yake inapanda. Walikuta pia kwamba baadhi ya saratani zimeipoteza PTENP1.

Uliyekulia Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa Kigoma, utaelewa haraka. Wachuuzi ni walewale asubuhi hiyo, mitumbwi ya dagaa ikiingia mmoja wanauzunguka wote. Ukiingia wa pili wenye dagaa wanaofanana, nusu ya wachuuzi wanahamia huko, na wa kwanza unapumua. PTENP1 ni mtumbwi wa pili.

Usishangilie bado. Neno la herufi saba, kwa bahati tupu, hutokea mara moja katika kila herufi 16,384. Kwenye RNA ya herufi 4,000, uwezekano wa kulikuta bila sababu yoyote ni kama robo. Ndiyo maana neno moja halitoshi. Kinacholeta uzito ni maneno kadhaa ya maikroRNA tofauti, yote yakiwa mahali palepale kwa mama na kwa mtoto.

Hatua ya 6: Hesabu kwa maharage

Hili ndilo swali la tatu, na ndilo linalorukwa zaidi.

Kata vipande 40 vya karatasi, uviandike PTEN. Chukua maharage 20, hayo ni maikroRNA. Kila harage likae kwenye karatasi yoyote bila upendeleo. Yote 20 yatakaa kwenye PTEN, kwa sababu hakuna pengine. Sasa ongeza karatasi 20 za PTENP1. Karatasi ni 60, na kwa wastani PTEN inabeba maharage 13 badala ya 20. Nafuu kubwa.

Ondoa, anza upya. Safari hii ongeza PTENP1 mbili tu. Maharage 19 bado yanaiangukia PTEN. Hakuna kilichobadilika.

Kisha fanya jaribio la kweli zaidi. MaikroRNA moja ina walengwa mamia ndani ya seli, si mmoja. Weka karatasi 400 za jeni nyingine pembeni ya zile 40. PTEN sasa inabeba chini ya maharage mawili, 1.8. Ongeza zile PTENP1 20 zilizoleta nafuu kubwa mwanzoni. PTEN inabeba 1.7. Darasa linanyamaza hapa, kila mwaka.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyoleta ubishi kwa wataalamu. Mwaka 2014 kundi la Markus Stoffel lilipima maikroRNA iitwayo miR-122 kwenye seli za ini, likaona kwamba ili RNA moja ilete tofauti kwa njia ya kunasa, inabidi nakala zake ziongezeke kupita kiasi kinachoonekana kwa kawaida mwilini. Wengine wanajibu kwamba kwenye saratani, au pale maikroRNA ni chache na sudojeni ni nyingi, hesabu inakubali. Mimi nawafundisha wanafunzi hivi: mtu akikwambia sudojeni fulani ni mtego wa maikroRNA, muulize idadi. Nakala ngapi kwa seli moja? Asipokuwa na jibu, hajamaliza kazi.

Na kumbuka Makorin1-p1. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba sudojeni hiyo ya panya inalinda RNA ya mama yake, habari ikaenea kila mahali. Mwaka 2006 kundi jingine lilirudia vipimo na kukuta kwamba madai hayo hayasimami. Mpaka leo kuna maandishi yanayonukuu ya 2003 bila kutaja ya 2006.

Njia nyingine ambazo RNA hupita

Kunasa maikroRNA si njia pekee. Sudojeni ikinakiliwa kutoka upande wa pili wa uzi, RNA yake inakuwa kinyume cha RNA ya mama, na mbili hizo hushikana. Mwaka 1999 jambo hili lilionyeshwa kwenye neva za konokono wa maji baridi wa Ulaya, Lymnaea stagnalis, ambapo RNA ya sudojeni inazuia kutengenezwa kwa kimeng'enya cha naitriki oksidi. Mwaka 2008 ikaonekana kwenye mayai ya panya jike kwamba mishikamano ya namna hiyo inakatwakatwa kuwa vipande vidogo vinavyozima jeni mama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni XIST. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na kila seli yake lazima izime moja. RNA ya XIST ndiyo inayoifunika kromosomu hiyo na kuizima. Mwaka 2006 ilibainika kwamba sehemu ya XIST imetokana na jeni ya zamani ya protini, Lnx3, iliyokufa kwa mamalia wenye kondo la nyuma. Kuku bado anayo ikiwa nzima, inatoa protini.

Usichanganye jeni mfu na jeni iliyozimwa

Mama mmoja mwenye mtoto wa selimundu aliniuliza, "Mwalimu, nimesikia kuna jeni ya utotoni inaamshwa, watoto wanapata nafuu. Ndiyo hiyo sudojeni?"

"Hapana, mama," nilimwambia. "Hiyo ni nzima, imelala tu."

Kwenye kromosomu ya 11 jeni za hemoglobini zimepangwa kwa safu: HBE1, HBG2, HBG1, HBBP1, HBD, HBB. Selimundu inatokana na herufi moja kwenye HBB, GAG ikawa GTG. HBG mbili ndizo za mtoto tumboni. Baada ya kuzaliwa protini BCL11A inazizima. Dawa ya haidroksiurea inaongeza hemoglobini hiyo ya utotoni, na tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023 inaifikia kwa kudhoofisha BCL11A kwenye seli mama za damu. Sudojeni kwenye safu ile ni HBBP1. Haitoi hemoglobini kamwe, ingawa mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba RNA yake inasaidia kukomaa kwa seli nyekundu za binadamu. Mzazi anastahili kuelezwa tofauti hiyo wazi, maana tumaini lake limesimama kwenye jeni iliyolala.

Kwa wewe wa maabara

Sudojeni zisizo na introni zinafanana na RNA mjumbe kiasi kwamba zinadanganya vipimo. Ukipima RNA ya GAPDH, ambayo ina sudojeni nyingi, na sampuli yako ikabaki na DNA kidogo, PCR, kipimo cha kuzidisha nakala za DNA, itakuza sudojeni na utaandika namba ya uongo. Kuchagua praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) zinazovuka mpaka wa eksoni hakukuokoi, kwa sababu mpaka huo kwenye sudojeni umeshaungwa. Safisha RNA kwa kimeng'enya cha kuvunja DNA, kisha kila mara weka mrija mmoja wa ziada ambao hukuutia kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Mrija huo ukitoa jibu, sampuli yako bado ina DNA. Itupe, uanze tena kusafisha.